Mtoto wa awali asipewe hela ya saa nne, alipiwe chakula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie chakula cha saa nne cha watoto wadogo, wale wa darasa la awali, la kwanza na la pili. Mimi nauza vitafunwa nje ya geti la shule moja ya msingi huku Tandika, wilayani Temeke, na mjukuu wangu anasoma awali katika shule hiyo hiyo. Kwa hiyo jambo hili naliona nikiwa mezani kwangu, na naliona nikiwa mlezi vilevile.

Katika kikao cha wazazi kilichopita hoja iliyopigiwa makofi ilikuwa moja: wauzaji wa getini waondolewe, wanawalisha watoto takataka. Sikatai kwamba pale getini vipo vitu visivyomfaa mtoto, na nitavitaja hapa hapa. Lakini mkituondoa sote kwa pamoja, atakayeondoka kweli ni yule mwenye jiko, sufuria na ndoo ya maji, yaani anayeuza bagia, mihogo na uji. Mwenye pipi hana mzigo. Atahamishia boksi lake duka la kona, na mtoto wa miaka mitano atamfuata huko huko, akivuka barabara ya bajaji na bodaboda.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Watoto wa huku kwetu saa kumi na mbili asubuhi wengi wako njiani. Nyumba nyingi chai ya asubuhi ni ya rangi, na andazi nusu, nusu nyingine ya mdogo wake. Nyingine hakuna kitu kabisa, kwa sababu mama ameshatoka gizani kuwahi soko la Feri au la Stereo. Kengele ya saa nne ikilia, mtoto huyo hatafuti cha kuchangamshia mdomo. Anatafuta mlo wake wa kwanza wa maana kwa siku hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, 30 wamedumaa. Watoto hao ndio wanaokuja kuanza awali, ndio wanaosimama mbele ya meza yangu. Ndiyo maana nasema chakula cha saa nne kipimwe kama chakula: kimshibishe mpaka atakaporudi nyumbani, kimjenge mwili, na kisimletee kuhara.

Sasa njoo uone anachonunua. Mtoto wa awali ana sarafu ya mia mbili, au mia tano kama baba amepata. Ameikamata mpaka imelowa jasho. Anakuja, anasalimia vizuri, "Shikamoo bibi," lakini macho yake yameshapita meza yangu yako kwenye meza ya jirani, ambako vitu vinang'aa. Kuna pipi, jojo, kaukau za pakiti, biskuti za krimu, ubuyu mwekundu, na barafu za juisi ya unga zilizogandishwa kwenye vifuko virefu. Anachukua ubuyu wa mia na barafu ya mia. Baada ya dakika kumi vidole vyekundu, ulimi mwekundu, shati jeupe lina madoa, na tumboni hakuna kitu. Ubuyu wenyewe ni tunda zuri sana, unga wake mweupe una vitamini C na madini ya chokaa kwa wingi. Kinachouzwa getini ni mbegu zilizopikwa kwenye sukari na rangi. Na barafu ile ni sukari na rangi tena, pamoja na maji ambayo hujui yametoka kisima gani.

Kwenye sukari nataka nikae kidogo, maana wazazi wengi wanaidharau. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari tunayoongeza kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayopata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita, hiyo asilimia 5 ni kama vijiko vinne vya chai, kwa siku nzima. Chukua sasa soda ya kawaida ya mililita 350, usome nyuma ya chupa. Zenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100 zimejaa madukani. Hiyo chupa moja ina gramu 35, karibu vijiko tisa. Mtoto ameshamaliza sukari ya siku mbili na bado hajanywa chai ya jioni.

Na msidhani mambo haya yako kwetu tu tunaoshinda juani. Jirani yangu mwanawe anasoma shule ya kulipia. Karatasi ya maelekezo aliyopewa mwanzo wa muhula iliandika kwamba kila mtoto aje na juisi ya boksi na biskuti au keki. Mama huyo alikuwa anamfungia mwanawe viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi. Wenzake wakamcheka, mtoto akalia, viazi vikaachwa. Leo analipa pesa nyingi zaidi kwa chakula kibaya zaidi, na anaona ndiyo maendeleo. Jambo hili liliniuma kuliko lile la kikaoni. Mwalimu anayeandika karatasi kama ile angeweza kuandika "ndizi, chungwa, kiazi, yai, maji" kwa wino ule ule.

Nikiulizwa mimi cha kumpa mtoto, sitataja kitu cha kuagizwa. Muhogo wa kuchemsha kutoka Mkuranga au Kisarawe ni mzuri, unashibisha, mtoto anautafuna bila shida. Ila muhogo peke yake ni wanga tu, protini yake ni gramu moja na kidogo katika gramu 100, wakati karanga zina gramu 25 hivi. Kwa hiyo usimpe muhogo mkavu, mpakie karanga za kusaga juu yake. Nasema za kusaga kwa makusudi. Mtoto wa chini ya miaka mitano karanga nzima inaweza kumkaba kooni, na wale wa awali wanakula huku wanakimbia. Tena usimpe muhogo mbichi kama wanavyokula wakubwa kwenye mikokoteni na nazi. Mihogo mingine ni michungu na ina sumu, na ukiitazama ikiwa imemenywa huwezi kuitofautisha na mitamu. Hata huo wa kuchemsha chagua mtamu na uuivishe hasa.

Karanga zenyewe zichambuliwe. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zitupwe. Ukionja ikawa chungu, tema. Kuna sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Anayenunua karanga za bei ya kutupa kwa sababu ni za kuuzia watoto, huyo simwelewi.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vile tunavyoviita viazi lishe, navitafuta sana vikiwa na msimu. Wazazi mnajua kampeni ya matone ya vitamini A ya Juni na Desemba. Ni ya watoto wa miezi 6 mpaka 59. Maana yake mtoto akitimiza miaka mitano, umri ule ule anaoanza awali, matone yamekoma. Kuanzia hapo vitamini hiyo ataipata kwenye sahani: kiazi hicho, embe, papai, mchicha. Sijawahi kumsikia mtu akiwaambia wazazi hivyo siku ya kuandikisha watoto.

Bagia ndiyo kazi yangu kubwa, kwa hiyo niruhusu niieleze. Kunde unaziloweka tangu jioni. Alfajiri unazifikicha kwenye maji mpaka maganda yaelee, unayamwaga, unarudia mpaka zibaki nyeupe. Unasaga, unaweka kitunguu, karoti iliyokunwa, chumvi kidogo, pilipili hakuna kwa sababu ya wadogo. Unaipiga kwa mwiko mpaka iwe nyepesi, ndipo unakaanga. Bagia ya namna hiyo ni kunde, ni protini na madini ya chuma, na mtoto akila bagia nne pamoja na nusu chungwa amekula vizuri, maana chungwa husaidia mwili kuyachukua yale madini ya chuma. Chai ya rangi inafanya kinyume, inayazuia. Ndiyo maana siiuzi kwa watoto, ingawa wengine wanaiomba.

Lakini bagia inaharibiwa na mafuta, na hapa wazazi mna haki ya kuwa wakali. Mafuta yakikaangiwa siku baada ya siku yanakuwa meusi, mazito, yanatoa povu linalopanda na moshi unaochoma macho, na bagia inatoka na rangi ya tope na harufu iliyochacha. Mafuta hayo ni ya kumwaga. Mzazi anayepita asubuhi na ainame atazame ndani ya karai. Asione haya. Muuzaji mwenye mafuta masafi hatachukia kutazamwa. Halafu aangalie inafungiwa nini. Madaftari ya zamani na magazeti, likiwemo hili lako Mhariri likishasomwa, ndiyo karatasi zetu za kufungia, na wino ukikutana na mafuta ya moto unahamia kwenye chakula. Bakuli safi au karatasi nyeupe isiyoandikwa haishindikani.

Mengine nayapitia haraka. Yai la kuchemsha, gramu sita za protini, limenywe mbele ya mtoto, lisilale kutoka jana. Andazi silikatazi, lakini ni ngano, sukari na mafuta, basi liende na kitu kingine. Maji, hakuna cha kuzidi maji. Matunda, nachagua yanayokuja na ganda lake: ndizi, chungwa, embe la msimu. Tikiti na nanasi lililokatwa tangu asubuhi likakaa na nzi, hapana. Kipindupindu kilipolipuka jijini Agosti 2015, kikianzia Kinondoni, wauza vyakula wa barabarani tulikuwa wa kwanza kusimamishwa, na kwa matunda ya kukatwa sikuona tumeonewa.

Sasa swali ambalo kikaoni halikuulizwa. Kama vyakula vizuri vipo, tena vya bei ile ile, kwa nini meza za pipi zinaongezeka na za mihogo zinapungua? Mimi nitawajibu, kwa sababu ndiyo riziki yangu. Pipi haiozi. Boksi la jojo lisipoisha leo litaisha Alhamisi. Halitaki mkaa, halitaki maji, halitaki mtu kuamka saa tisa usiku. Mimi nikipika mihogo ya watoto sitini wakaja thelathini, iliyobaki jioni naila na majirani na mtaji umekatika. Ndizi nilizozileta kutoka soko la Mabibo zikilala siku mbili zina madoa, mtoto hazitaki. Mvua ikinyesha shule haina watu, nimepata hasara. Kila mwenye meza ya chakula anapiga hesabu hiyo kila jioni, na mwisho wengi wanachoka wanauza kaukau. Hawakuamka siku moja wakaamua kuwadhuru watoto. Waliamua kutopoteza mtaji.

Upande wa pili wa hesabu ni yule mtoto mwenye sarafu. Tunamwachia mtu wa miaka mitano achague kati ya muhogo na pipi yenye karatasi ya dhahabu, kisha tunashangaa amechagua pipi. Mkubwa gani anaachiwa uamuzi wa chakula cha nyumba akiwa na umri huo?

Kwa hiyo hoja yangu kwa wazazi wenzangu ni hii: watoto wa awali mpaka darasa la pili wasipewe hela. Walipiwe. Wapo wazazi wachache wanaofanya hivyo na mimi, na ndiyo walionifundisha. Jumapili jioni wananitumia kwa simu hela ya wiki, wengine wananipa mkononi Jumatatu. Naandika kwenye daftari jina la mtoto na darasa lake, na tumekubaliana atapata nini. Jumatatu uji wa dona wenye karanga na ndizi, Jumanne muhogo au kiazi na karanga za kusaga, Jumatano bagia na chungwa, hivyo hivyo mpaka Ijumaa ambayo ina yai. Mtoto akija anataja jina, ninamtolea chake. Hela ni ile ile mia tano aliyokuwa akiipoteza kwenye barafu.

Tazameni linalotokea. Jumapili usiku nimeshajua naloweka kunde kiasi gani. Sipiki kwa kubahatisha, hakuna kinachobaki, kwa hiyo naweza kuongeza kipande cha muhogo bila kupandisha bei, na mafuta naweza kuyabadilisha mapema kwa sababu sina hasara ya kufidia. Mtoto hashiki hela, hanyang'anywi na wakubwa chooni, jambo ambalo walimu wanalijua. Na mzazi akitaka kujua mwanawe amekula nini, anafungua daftari. Mama mmoja alinipigia kuuliza kwa nini mwanawe harudi tena akilia njaa mchana. Nilimwambia ni uji.

Nimeulizwa, mtoto akikataa je? Siku za mwanzo wanakataa kweli. Wanaona wenzao na barafu wanasusa. Lakini mtoto mwenye njaa ya tangu asubuhi hasusi wiki nzima, hasa anapoona na jirani yake wa dawati anakunywa kikombe kile kile. Wakiwa wawili watatu ni shida. Wakiwa darasa zima hakuna anayemcheka mwenzake.

Nimeulizwa pia kuhusu wasio na hata mia. Hao wapo, na ndio wanaoninyima usingizi. Tangu Januari 2016 michango ya lazima imeondolewa katika shule za msingi za serikali, na hilo lilileta shuleni watoto ambao wasingekuja kabisa. Lakini chakula kimebaki mikononi mwa wazazi, na shule yetu haina uji. Mimi naona njia moja. Wanaolipa kwa wiki wakiwa wengi, uji unapikwa kwenye sufuria kubwa, na kuongeza vikombe kumi kwenye sufuria kubwa gharama yake ni ndogo kuliko kupika vikombe kumi peke yake. Kamati ya shule ikae na sisi tukubaliane vikombe hivyo ni vya nani, na majina yao abaki nayo mwalimu wa darasa, yasitajwe getini.

Kamati hiyo hiyo naiomba mambo mengine. Itoe orodha ya vinavyoruhusiwa kuuzwa getini wakati wa mapumziko, iibandike ukutani, na anayetaka kuuza aifuate au aondoke, nikiwemo mimi. Idai cheti cha kupima afya kwa kila anayeshika chakula. Na itufungulie koki ya maji iliyo ndani ya uzio, hatua chache kutoka tulipo, ili watoto wanawe kabla ya kula na sisi tuoshe vyombo kwa maji yanayotiririka, si kwenye beseni moja kutwa nzima. Koki ipo. Imefungwa kwa kufuli.

Ombi la mwisho ni kwa maofisa lishe wa manispaa. Semina zenu tunazisikia, huwa ukumbini, na wanaoitwa ni walimu. Njooni getini siku ya shule, saa tatu na nusu, kabla kengele haijalia. Mtatukuta wote tumeshapanga meza. Njooni na karatasi moja yenye picha, iseme kipi kiuzwe na kipi kisiuzwe kwa mtoto wa miaka mitano, na mtuonyeshe mafuta yakifika rangi gani yamwagwe. Tutawasikiliza, kwa sharti msizidishe nusu saa, maana saa nne kamili tunakuwa na wateja.

Ni mimi,
Bibi muuza bagia,
Tandika, Dar es Salaam